Kinga Isiyotoka Chumbani

Lubumbashi, commune ya Kenya
Jumatatu, mwezi wa kumi na moja

Kwako yaya Jeannot, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, zimfikie mukeo Princesse, zimfikie na mtoto wenu ambaye huku hakuna aliyemshika bado mikononi. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, kifua chako kimetulia, na baridi ya Liège haijaanza kuwabana. Sisi huku tupo. Mvua imeanza mapema mwaka huu, avenue yetu imekuwa matope matupu, na watu wa pikipiki wanakataa kuingia hadi mlangoni, wanakuacha sokoni utembee na viatu mkononi. Mimi mwenyewe ni mzima. Bado ninafundisha mwaka wa pili wa primaire, darasa limejaa hadi madirishani, na ikifika saa sita mchana sauti yangu inakuwa kama ya jogoo aliyekabwa shingo.

Utaniuliza: na Papa? Nitafika kwa Papa. Nakuomba jambo moja tu, yaya, usiruke mistari.

Utashangaa pia kwa nini karatasi na bahasha, kama enzi za wazazi wetu, wakati simu ziko. Nimemwomba Christiane, mke wa Adalbert rafiki yako, ambaye anasafiri kwenda kwa dada yake Brussels, akutafute na kukupa barua hii mkononi mwako mwenyewe. Hajui ndani mna nini. Nimemwambia akupe aondoke, asikae hata kunywa chai. Nimechagua karatasi kwa sababu karatasi haibonyezwi, lazima uisome. Na Kiswahili changu cha ualimu kikinitoka njiani, nikaanza kuandika vile tunasemaka huku Kenya, ujue njo hasira, ndiyo hasira, univumilie.

Nianze na kilio cha Mama, kwa sababu yote yametoka pale. Najua unakumbuka, lakini wewe ulikuwa upande wa pili wa simu, hukuona nyuso. Watu walijaa uwanja mzima, wa kanisa, wa reli, wa ukoo waliotoka Kongolo. Wewe hukupata njia ya kuja, sawa, tuliambiwa makaratasi yako hayajakaa vizuri. Papa mudogo Mwaba akasema basi mtoto mkubwa atoe neno kwa simu, akaiweka simu kwenye kipaza sauti cha korali ili kila mtu asikie. Tulingoja utusalimie, umlilie Mama. Wewe ukamwita Papa kwa jina tupu, Stanislas, kama unaita mtu wa kubeba magunia. Ukasema Stanislas ndiye amemuua Mama, kwa sababu alimlaza nyumbani na homa akingoja wanamaombi badala ya kumpeleka hospitali. Papa mudogo alihangaika kuizima simu, ukapata nafasi ya kulirudia neno lako mara ya pili. Kama ulisema kweli au uongo, mimi sijui, nililala nyumba ile ile na sikumpeleka Mama popote. Ninachojua ni kwamba Papa alisimama, akakunja kiti chake, akaenda kukaa nyuma ya jiko hadi watu walipoondoka.

Wakubwa wa ukoo walikaa baada ya mazishi. Neno lao ulifikishiwa: mtoto aliyemtukana baba yake mbele ya watu anakuja kumwomba mbele ya watu walewale, kwa mdomo wake, magoti chini, na kuku mweupe mkononi. Si kwa simu. Papa alikazia hapo. Akasema simu njo ilimutukana, haiwezi tena kuwa simu njo inamuomba samahani. Ulipolisikia neno hilo ukacheka, ukasema hayo ni mambo ya pori. Ukafunga namba ya Papa mudogo, ukafunga za binamu zetu wote, ukatoka kwenye kila groupe ya familia. Ukabakiza namba yangu, sijui kwa nini. Miaka ikapita hivyo. Papa hakukuita tena kwa jina, alisema "ule wa Ubelgiji". Lakini ndege ikipita juu ya nyumba ikielekea kutua Luano, alikuwa anainua uso.

Sasa habari ya kinga, yaani baiskeli. Adalbert, uliyesoma naye, leo ni daktari wa meno, anakaa Golf, mtaa wa matajiri, nyuma ya ukuta mrefu, na ndiye mkubwa wa ile club ya baiskeli. Zamani walikuwa wakipanda kweli. Jumamosi walitoka Karavia wakafuata barabara ya Likasi na kurudi. Halafu lori moja la madini likamvuta mwenzao chini ya matairi, na wake zao wakakataa. Tangu hapo kila mmoja anapanda ndani ya nyumba yake. Unaifunga kinga kwenye rulo, kile chuma kinachobana gurudumu la nyuma lizunguke bila kwenda popote, unaweka simu mbele yako, na kwenye kioo mnaonekana wote pamoja, vijimtu vyenye majina juu ya vichwa, mnapanda milima ya nchi isiyokuwako. Ni starehe ya watu wa Golf, Papa hangeijua kamwe. Lakini Adalbert alimkumbuka mzee wa reli aliyeshinda mashindano ya baiskeli ya Mei Mosi, yule aliyewatengenezea breki mlipokuwa wadogo. Walipojinunulia rulo mpya, akamletea Papa moja ya zile za zamani, na simu iliyopasuka pembeni, akamwandikisha kuwa memba wa heshima. Mimi nilikasirika, niliona wanatuletea takataka zao. Papa aliipokea kwa mikono miwili.

Ungemwona, yaya! Chumba chenu cha zamani, kile mlicholala watoto wa kiume, kikageuka barabara. Alivaa kofia ngumu ya baiskeli humo chumbani. Nilimuuliza ataangukia wapi, akanijibu kwamba barabara ni barabara. Alifunga suruali kwa mpira isinaswe na mnyororo, akapiga kengele akitaka apishwe, wakati hao wa kumpisha walikuwa Golf, Johannesburg na wapi sijui. Mama Chilufya, jirani yetu, alikuja kuchungulia dirishani, akamuuliza atafika lini ili ampikie bukari. Papa hakukasirika. Alikuwa wa mwisho kila Jumamosi, na wale mabwana wa club wana jina la mtu wa mwisho, wanamwita mufagio, eti anafagia nyuma ya wote. Walimcheka kwa sauti kwenye simu, mufagio uko wapi, mufagio umelala, na yeye alicheka nao huku akikohoa. Mimi nilikuwa pembeni ninasahihisha kazi za wanafunzi, na aibu ilinishika kwa niaba yake.

Halafu ukatokea wewe. Adalbert alikuwa ameanza kuwaita watoto wa Lubumbashi walio nje, kwa kuwa barabara ya kwenye simu haiulizi visa. Jumamosi moja Papa akaniita kwa sauti ambayo sikuisikia tangu Mama afe. Nikakimbia nikifikiri ameanguka. Akanionyesha kioo kwa kidevu. Jina lako lilikuwa pale, Jeannot, na bendera ndogo ya Ubelgiji, kijimtu chenye shati jekundu kinapanda mbele. Adalbert akaeleza kwamba Jeannot anapanda masikio yamefungwa, hataki kelele, hamsikii mtu na hasemi na mtu. Papa akasema haizuru, kuona kunatosha. Akakanyaga kama mwehu ili akufikie. Hakuweza, bila shaka. Ila ulipoliona jina lake, ulipunguza mwendo. Usikatae, nilikuwa nimesimama pale. Kundi zima likakupita, wewe ukabaki nyuma na mufagio, mkapanda kilima kile bega kwa bega, bila neno. Mwishoni ukambonyezea kidole gumba, kile cha rangi ya buluu kinachoruka juu ya kichwa cha mtu. Papa alishuka kwenye kinga akiwa analia.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ikawa Noeli. Alinyoa ndevu asubuhi, akavaa shati la kanisa lililopigwa pasi, na pasi niliipiga mimi. Alihesabu vidole vyako kama mtu anayepokea zawadi: leo amenipa kimoja kilimani, leo amenipa viwili, leo amechelewa, pengine amechoka na kazi. Nikwambie ukweli, nilikuonea wivu. Mimi niliyemfulia, niliyempikia, niliyemkanda mgongo miaka yote hiyo, sikuwahi kumliza mtu kwa furaha. Wewe ulibonyeza mara moja, ukaenda kuoga.

Umeme ulipokatika katikati ya njia, jina lake likafutika kwenye kioo, alipiga kelele, eti utafikiri amekukimbia. Nikalazimika kumwomba Adalbert akuandikie kwamba ni courant tu. Ukajifunza haraka: jina la Papa likikosekana, ni courant. Kwa mtu wa Lubumbashi hakuna jibu rahisi kuliko hilo.

Siku moja nilimuuliza kama basi yameisha, kama kidole ndiyo samahani yenyewe. Aka! Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeshindwa kuandika jina lake. Akasema kidole haina kinywa. Akasema Jeannot iko njiani, anakaribia pole pole, siku moja atafungua mudomo, na siku atafungua mudomo atakata na tikiti. Njo kitu alikuwa anangojea, yaya. Si pesa zako, si dawa zako. Alingojea umwombe samahani kabla hajafa, basi.

Mwezi wa tatu kifua kikamshika. Tulisema ni kile kikohozi chake cha kila mwaka, unyevu wa nyumba, dari inavuja. Akaanza kutema damu. Nikampeleka hospitali siku ile ile, safari hii sikungoja maombi ya mtu. Daktari akasema mapafu yamechoka, wakamwekea mpira wa hewa puani. Nikakuandikia. Maneno ninayo hapa kwenye simu: Yaya, Papa iko hospitali, hali si nzuri, tafadhali piga simu leo. Uliyasoma jioni ile ile. Kesho yake ukanijibu. Ukanipa kidole gumba.

Sijui ulikuwa wapi. Pengine kwenye basi, pengine kazini, pengine ulisema utapiga baadaye ukasahau. Sikukuuliza, na hata leo sitaki kujua. Muntu anakwambia baba yako hali si nzuri, unamupa kidole? Nani alikufundisha ile? Hata mbwa ukimuita anageuza kichwa! Papa aliuona uso wangu, akauliza kama ni wewe. Nikamwambia ndiyo, ni Jeannot, anakusalimia sana.

Jumamosi mbili jina lake halikuonekana njiani, na wewe bila shaka ukasema courant. Jumamosi ya tatu likarudi. Uliliona mwenyewe, Papa Stan, na bendera yetu pembeni. Siku ile lilipanda vibaya, lilisimama kila kilima, na wewe ukapunguza mwendo mpaka ukawa kama umelala. Halafu, wiki kwa wiki, nguvu zikaja. Kabla kiangazi hakijaisha Papa Stan aliacha kuwa mufagio. Siku alipowapita wawili wa Golf kwenye kilima kirefu, ndipo ulipoandika maneno yako ya kwanza kwake tangu kilio cha Mama, pembeni, pale ambapo wengine hawasomi: Muzee, umekula nini? Papa Stan akakujibu: Bukari na sombe. Ukaandika kicheko kirefu. Jumamosi iliyofuata ukaandika kwamba umemwonyesha Princesse mzee anayekaribia kukuacha nyuma, na yeye hakuamini. Ukaandika kwamba umewaambia hata watu wa kazini. Ulijivuna naye, yaya, maneno yako yalionyesha.

Tufike sasa Jumamosi ya juzi. Ulikuwa umemwomba mpande kabla ya kundi, ninyi wawili tu. Mlikuwa kwenye kile kilima chenye msitu, ukasimama katikati ya njia. Ukaandika, nayanukuu yote kwa sababu yalikuwa mafupi: Papa, ni mimi. Nilikosa siku ya kilio cha Mama. Nilikutukana, na nilijua ninakutukana. Unisamehe kama unaweza. Ukangoja. Ulingoja sana, wale wa club wakaanza kuingia na kuwapita. Halafu jibu likaja: Nilikusamehe zamani, mwanangu. Ukaandika kwamba unalia, kwamba Princesse ameingia akakukuta unalia juu ya kinga. Ukaandika kwamba mtakuja Noeli wote watatu, tikiti zimekatwa. Kwamba mtoto anaitwa Stanislas, na hukuwahi kutuambia. Kwamba kuku mweupe utamnunua mwenyewe kwa mikono yako, pale soko ya Kenya, na watu wote waitwe. Ukapiga namba ya Papa. Ikalia, ikalia. Ukaandikiwa neno moja: courant.

Yaya Jeannot, Papa alikufa mwezi wa nne. Tulimzika karibu na Mama.

Ni mimi niliyekuwa nikipanda. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, mikeka ya kilio ilikuwa bado uwanjani, simu yake ikaita chumbani kuonyesha kwamba umeingia njiani. Nilikwenda nikitaka kukuandikia kwamba amekufa. Nilitaka, Mungu ananiona. Nikapanda kwenye kinga na kitambaa cha kilio kichwani, ili jina litokee uweze kunisoma. Ukaja, ukapunguza mwendo, ukakaa kando yangu. Nikasema ngoja kwanza aulize. Baba yako amekosekana Jumamosi mbili, mdogo wako amekuandikia kwamba yuko hospitali, uliza basi! Andika tu, umepona? Hukuandika. Ukanipa kidole, ukaenda kula. Nikasema sawa, tutaona atauliza siku gani.

Hukuuliza. Ulipanda na maiti miezi yote hiyo na hukuuliza hata mara moja kuhusu hospitali. Ulipoanza kuandika, uliandika juu ya chakula na kilima. Na mimi nilifurahi. Njo ukweli, siufichi. Nilikuwa natoka shule, nafunga mlango, nafanya mazoezi peke yangu, natapika kwenye ndoo na kupanda tena, ili Papa apate nguvu na wewe umpende zaidi, halafu uanguke kutoka juu zaidi. Mapaja yangu yamekuwa ya mwanaume. Mama Chilufya anasema msiba umenitia wazimu, anaweza kuwa na haki.

Na usifikiri uliachwa usijue kwa bahati mbaya. Asubuhi alipokata roho nilishika simu nikuite. Nikafungua jina lako, kitu cha mwisho kilichokuwa pale ni kidole chako. Nikaiweka chini. Papa mudogo Mwaba alipouliza, nikamwambia nimekupata, umesema hutakuja, umesema tumzike tu. Alikaa chini, mzee wa watu, akashika kichwa. Club nzima ilikuja kwenye kilio, nao nikawaambia vile vile. Baadaye nikamweleza Adalbert kwamba ninapanda kwa jina la Papa kwa heshima yake, kwamba wewe unajua, na kwamba hupendi mtu akuguse kwa habari ya msiba. Kwa hiyo kila Jumamosi walikuwa wananiita Syntiche kwenye simu, wanakuona unakuja kukaa kando yangu, wanakuhurumia, na wewe masikio umefunga. Watu wote huku wanajua kwamba Jeannot hakuja kumzika mama yake, na kwamba alikataa kumzika hata baba yake. Sijamsahihisha mtu, na sitamsahihisha.

Nilitaka kunyamaza hadi Noeli. Nilikuwa nimeshaona vile itakuwa: wewe unashuka kwenye teksi, kuku kwapani, unauliza Papa yuko wapi, na mimi nimesimama mlangoni ninakutazama. Nililala na picha hiyo, na ilinipa usingizi. Aliyenishinda ni mtoto. Uliponiandikia jina lake, niliona atakuwa amesimama pale nyuma yako, ameshika suruali yako. Sikutaka alisikie jina lake mara ya kwanza kutoka kwetu kwa namna hiyo. Hii si huruma kwako, usichanganye.

Linabaki moja. Baada ya kile kidole chako, Papa alikaa siku kadhaa bado. Alinishika mkono, akaniambia nikuandikie tena. Alisema aache kuku, aache na bantu, akuye tu nimuone. Nikamwambia nimekuandikia, na umejibu kwamba unakuja. Sikuandika. Nilikuwa na hasira, nikasema kesho, na kesho ilipofika nikasema kesho. Alikuwa akisikia ndege anauliza kama ni ile yako, na mimi nilijibu kwamba hapana, hiyo ni ya Kinshasa. Ungeweza kufika, yaya. Muda ulikuwapo. Hilo ni langu, nalibeba.

Nilipoona anaondoka, nikamuuliza kama amekusamehe, ili angalau nibaki na neno la kukupa. Alifikiri sana na mpira ule puani. Akasema: Sijui. Akikuya, nikimuangalia mu macho, njo nitajua. Hakusema lingine juu yako.

Kwa hiyo lile jibu ulilolilia juu ya kinga, nilikusamehe zamani mwanangu, ni mimi niliandika. Ulikuwa umesimama pale katikati ya kilima, nikakuonea huruma kidogo, nikaandika vile mwalimu anavyomnong'oneza mtoto jibu ili aache kulia. Hakuna aliyenituma. Leo nalirudisha neno hilo. Halikutoka kwa Papa, kwa sababu Papa alikufa hajui, na mimi langu sijakupa. Wala la kwako sikuombi.

Unisalimie sana Princesse, na mtoto mumfunike vizuri, huko baridi inaingia kifuani upesi. Papa mudogo Mwaba hajui kama ninakuandikia. Nyumba iko, mimi niko. Mkija, mtanikuta.

Ni mimi mudogo yako,
Syntiche